BARUA YA JUMATANO: Nyumbani Wajue Mtoto Amesoma Nini Wiki Hii



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyeijaalia kalamu kuwa njia ya elimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi wapenzi, katika toleo hili la jarida letu sisi walimu wa darasa la kwanza tumetakiwa tueleze habari ya ile barua ambayo watoto hurudi nayo nyumbani kila Jumatano. Wapo wazazi wanaoisoma na kuijibu. Wapo wanaoitia sahihi bila kuisoma. Na zipo barua zinazokutwa chini ya mkoba baada ya miezi miwili zikiwa zimegandana na ganda la embe. Kwa hiyo tumeona ni vema tueleze ilianzaje, tulikosea wapi katika kuiandika, na nyumbani wafanye nini wakiipokea.

SWALI LILILOTUSHINDA

Wazee wetu wametusimulia kuwa zamani habari za mtoto chuoni hazikuhitaji karatasi. Chuo kilikuwa barazani kwa mwalimu na mtaa mzima ukisikia. Mama akipita kwenda sokoni alijua mwanawe yuko sura gani kwa kumsikia tu, na mtoto akihitimu juzuu nyumbani kwao hupikwa, wenzake wakala. Leo madrasa yetu hapa Ngamiani, Tanga, ina ukuta na geti. Watoto wanatoka Chumbageni, Makorora hadi Mikanjuni, na wengine huletwa na bodaboda. Mzazi humwona mtoto akitoka mchana na kanzu safi, akirudi jioni na kanzu chafu. Yaliyopita katikati hayajui. Karatasi pekee iliyokuwa ikitoka kwetu kwenda nyumbani ni ya kukumbusha ada, na karatasi ya namna hiyo hakuna anayeifungua kwa furaha.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya mahafali, tuliwasimamisha watoto wa darasa letu mmoja mmoja wafunue juzuu na kusoma mbele ya wazazi. Alikuwepo mtoto mmoja ambaye mama yake alikuwa na yakini kwamba amefika Surat An-Naba'i, kwani kila usiku alimsikia akiisoma tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipomfunulia juzuu mtoto alinyamaza. Tukamwonesha herufi tatu, jim, ha na kha, ambazo umbo lake ni moja na zinatofautishwa na nukta tu. Hakuweza kuzitenga. Sura yote alikuwa ameihifadhi kwa sikio kutoka kwa dada yake, na msahafu kwake ulikuwa kama ukuta.

Mama yule hakupiga kelele wala hakulaumu. Alingoja watu watawanyike, akatufuata penye mlango wa ofisi akauliza, "Maalim, tangu lini?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na daftari la mahudhurio na daftari la ada, na yote mawili yalikuwa yamejazwa vizuri. Lakini hatukuwa na mstari hata mmoja ulioandikwa kuonesha darasa lilisoma nini wiki ipi, sembuse kuonesha kama nyumbani walijulishwa. Mtoto alikuwa amekaa mbele yetu mwaka mzima.

DENI HUANDIKWA

Tulipokaa kushauriana, mmoja wetu aliikumbusha aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an. Aya hiyo haizungumzii sala wala Hija. Inazungumzia kuandika deni. Inafundisha kwamba watu wakikopeshana kwa muda maalumu waandikiane, kwamba wasichoke kuandika liwe deni dogo au kubwa, na kwamba mdaiwa akiwa dhaifu au hawezi kusema yake mwenyewe, basi msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa uadilifu. Tukajiuliza: ikiwa fedha za mkopo zinastahiki kuandikwa namna hii, je, elimu ya mtoto ambayo mzazi ametukabidhi si deni juu yetu? Na huyu mtoto wa miaka saba, si ndiye yule asiyeweza kujisemea?

Vile vile Mtume (s.a.w.), katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abdullah bin Umar (r.a.) na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim, amefundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mzazi ni mchunga nyumbani kwake. Lakini mchunga asiyeambiwa kundi lake limelishwa wapi leo, atalichungaje kesho?

Hapo ndipo ilipoanza barua ya Jumatano. Tuliichagua siku hiyo kwa sababu madrasa yetu hufungwa Alhamisi na Ijumaa, hivyo familia hupata siku mbili za kukaa na mtoto kabla ya Jumamosi.

BARUA ZA KWANZA ZILIVYOKUWA

Tuseme kweli, zilikuwa mbaya. Tulijaza karatasi nzima, mbele na nyuma. Tuliandika idhhaar, idghaam, iqlaab na ikhfaa kama tulivyozikuta katika vitabu vya tajwidi tulivyosomea diploma, na nadhani tulikuwa tunataka pia wazazi wajue kuwa tumesoma. Matokeo yake mzazi mmoja aliirudisha na jibu hili: "Tumeona. Ada tutalipa Jumamosi." Hatukuwa tumetaja ada popote.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Katika barua za mwezi wa pili tulianza kuandika habari ya kila mtoto peke yake: huyu bado hajui, huyu anachelewa, huyu anacheza. Tulidhani huko ndiko kumjulisha mzazi. Jumamosi moja mtoto mmoja alikuja hawezi kukaa sawasawa mkekani. Alikuwa amechapwa kwa ajili ya mstari mmoja tuliouandika sisi. Wiki iliyofuata barua yake haikufika nyumbani. Tuliikuta mtaroni nyuma ya madrasa. Nani atamlaumu? Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu akiwa kijana mdogo, na ametuhadithia kwamba katika muda wote huo hakuwahi kusikia kutoka kwake hata neno la kuguna kwa kuudhika. Sisi kwa nusu ukurasa tulikuwa tumeshamtia mtoto katika fimbo.

Tangu siku ile tukaweka sharti: barua ya Jumatano ni ya darasa zima, na inasema yale yale kwa kila nyumba. Habari ya mtoto mmoja, njema au nzito, tunaizungumza na mzazi wake ana kwa ana, mtoto akiwepo. Na barua isizidi nusu karatasi. Darasa letu lina watoto 41. Ukihesabu wiki 40 za masomo katika mwaka ni barua 1,640, yaani karatasi 820. Rimu mbili hazimaliziki. Hatuandiki haya kwa kujisifu kwa ubanaji, bali kwa kuwa madrasa nyingine zimetuuliza gharama.

BARUA YENYEWE

Tunainakili hapa moja ya barua hizo ili wanaoanza mwaka huu waifahamu.

"Assalaamu alaykum. Wiki hii tumesoma SHADDA. Shadda ni alama ndogo kama kichwa cha herufi sin, hukaa juu ya herufi. Herufi yenye shadda hukazwa, kama kwamba imeandikwa mara mbili. Katika Suratul Fatiha, pamoja na Bismillahi, zipo shadda 14.

La kufanya nyumbani: Weka punje 14 za mahindi. Mwombe mtoto akusomee Fatiha polepole, nawe ufuatilie msahafuni kwa kidole. Kila anapokaza herufi yenye shadda, ondoa punje moja. Asipokaza, iache. Akimaliza, hesabuni zilizobaki, kisha arudie. Usimkaripie.

Tuandikie hapa chini: zimebaki ngapi?"

Hiyo ndiyo barua nzima. Somo moja, tendo moja, swali moja.

Huenda mtu akasema shadda ni jambo dogo kulifanyia barua. Hapana. Sehemu kubwa ya Waislamu wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Imam Shafi'i, na katika madhehebu hayo Fatiha ni nguzo ya sala, Bismillahi ni aya yake mojawapo, na kuzichunga shadda zake ni katika masharti ya kuisoma. Ndiyo maana Sheikh Salim bin Sumayr al-Hadhrami katika kile kitabu kidogo cha Safinatun Najaa, ambacho wengi wetu tumekisoma utotoni, amezihesabu moja moja. Tatu zimo katika Bismillahi: juu ya lam ya jina la Allah, juu ya ra ya Ar-Rahmaan na juu ya ra ya Ar-Rahiim. Kisha lam ya lillaahi, ba ya Rabbi, halafu Ar-Rahmaan na Ar-Rahiim mara ya pili. Hizo ni saba. Kisha dal ya ad-diin, ya mbili za iyyaaka na wa-iyyaaka, sad ya as-swiraatw, lam ya alladhiina, na mwisho dhwad na lam katika neno la kufungia sura. Jumla 14.

Na itazame iyyaaka. Wanazuoni wametanabahisha kwamba ukiiondoa shadda ya herufi ya, neno hugeuka na kuwa na maana ya mwanga wa jua. Yaani mtu amesimama katika sala, ameelekea Qibla, na ulimi wake unasema anauabudu mwanga wa jua, kwa sababu tu tangu utotoni hapakuwa na mtu wa kumsikiliza polepole. Mtu wa namna hiyo si lazima awe mtoto.

Barua ile ndiyo iliyopata majibu mengi kuliko zote. Baba mmoja, mvuvi, aliandika kwa kalamu ya risasi: "Kwa mtoto zimebaki mbili. Kwangu tano." Karatasi hiyo tumeihifadhi ofisini.

BIBI NA KUKU

Lilikuwepo tatizo la wasiosoma. Hatukuliona mpaka tulipogundua kwamba mtoto mmoja, anayelelewa na bibi yake, barua zake zilirudi bila neno lolote. Tulipokwenda kumwamkia bibi na kumuuliza kwa adabu, alicheka. "Wanangu, hizo herufi zenu za Kizungu mimi sikufundishwa. Mimi nimesoma chuoni." Akatuletea daftari lake la hesabu za vicoba. Limeandikwa Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wake umeushinda wa walimu wawili katika sisi.

Wiki iliyofuata tulimwandikia barua yake kwa herufi hizo, na jibu likarudi kwa herufi hizo: zimebaki tatu, ila kuku amekula mbili, hivyo hesabu haina uhakika, itarudiwa Ijumaa. Sasa wapo wazazi na mabibi sita wanaopokea barua ya namna hiyo. Watoto wa darasa la juu ndio wanaozinakili, nao wanapata mazoezi ya hati. Kwa asiyesoma herufi zozote, mtoto mwenyewe humsomea. Watoto wetu wengi wako darasa la kwanza au la pili shuleni, ambako tangu mwaka 2015 mkazo ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi akisoma barua yetu kwa sauti mbele ya babu yake, anafanya kazi ya shule na ya madrasa kwa pamoja.

HABARI ILIYORUDI KUTOKA NYUMBANI

Hapa ndipo tunapotaka msomaji akae nasi kidogo, maana mwanzo tulidhani barua ni ya sisi kuwaeleza wazazi. Hatukudhani kwamba sisi ndio tutakaoelezwa.

Alikuwepo mtoto mmoja tuliyemhesabu kuwa mzembe. Ukimwita hageuki. Ukimsahihisha tha akasema sin, ukarudia akasema sin, mara ya tatu anatazama dirishani. Tulimhamishia nyuma ili asiwashughulishe wenzake. Naam, tulifanya hivyo.

Wiki hiyo barua ilihusu herufi tatu, tha, sin na swad. La kufanya nyumbani lilikuwa ni kumtamkia mtoto herufi hizo akiwa amekupa mgongo, naye aseme amesikia ipi. Mama yake alijibu hivi, tunanukuu kwa idhini yake: "Akinitazama mdomo anasema sawa. Akinipa mgongo zote anasema ni moja. Pia sikio lake la kulia linatoka usaha tangu Ramadhani. Nilidhani ni maji ya kuogelea."

Tuliisoma karatasi ile Jumamosi kabla ya kengele. Mtoto alikuwa hasikii, nasi tulikuwa tumempeleka mbali zaidi na sauti. Alichokuwa amekihifadhi kwa mwaka ule alikihifadhi kwa kutazama midomo yetu, na kule nyuma midomo haionekani.

Alipelekwa hospitali akatibiwa, na bado anahudhuria kliniki ya masikio. Sasa hukaa mstari wa mbele, upande ambao sikio lake la kushoto linamwelekea mwalimu. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake. Tha yake leo ni safi. Swad bado, nasi hatuna haraka. Kwa wazazi tunasema: sikio linalotoa usaha lipelekwe hospitali mapema, lisitiwe mafuta ya nazi wala kitu kingine chochote, na mtuambie, ili tujue mtoto akae wapi.

KUHUSU SIMU

Wazazi kadhaa wametuuliza kwa nini tusitumie WhatsApp tukaokoa karatasi. Tulijaribu. Kwa siku nne kundi lilikwenda vizuri. Siku ya tano ziliingia salamu za Ijumaa thelathini, tangazo la magodoro na taarifa ya msiba, na barua yetu ikazama. Tena simu kubwa mara nyingi ni ya baba, na baba huenda yuko Dar es Salaam au baharini, ilhali anayekaa na mtoto ni mama au bibi mwenye simu ya tochi. Simu tunaitumia kwa jambo moja tu, nalo ni zuri: mzazi aliye safarini akitaka kusikia, tunamrekodia mtoto akisoma na kumtumia sauti. Karatasi inabaki karatasi, inakaa juu ya meza na mtoto anaiona.

KWENU WANAFUNZI

Wanafunzi wapenzi, barua ile mnayopewa Jumatano ni amana. Katika Surat An-Nisaa aya ya 58 Mwenyezi Mungu (s.w.) ameamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Mwenye barua si wewe, ni mzazi wako. Kwa hiyo ikunje mara moja, iweke ndani ya juzuu na si mfukoni, na ukifika toa salamu kwanza, kisha itoe mwenyewe kabla hujaombwa. Ukiulizwa "leo umesoma nini?" usijibu "hatujasoma kitu." Maneno hayo tunayajua. Walau taja herufi moja. Na ikiwa umeipoteza, sema umeipoteza, tutakupa nyingine. Hatutakuuliza mara mbili.

KWENU WAZAZI NA WALEZI

Dakika kumi zinatosha, baada ya sala ya Maghrib siku ya Jumatano au Alhamisi. Someni, fanyeni lile jambo moja, jibuni swali kwa maneno machache. Msimwandikie mtoto majibu mazuri. Tukiona nyumba nzima haijabakiwa na punje hata moja tunapata mashaka. Jibu la "hatukupata nafasi wiki hii" nalo tunalipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa linatujulisha kwamba barua imefika.

Na mzazi akituuliza leo, "Maalim, tangu lini?", lipo faili la kijani juu ya kabati la ofisi. Ndani yake zimo nakala za barua zote kwa tarehe, na majibu ya kila nyumba yamebanwa nyuma yake. Mama yule aliyetuuliza siku ya mahafali amekwishakuja kulitazama. Alikaa nalo karibu saa nzima, akafunua barua moja moja, kisha akatuonesha wiki mbili ambazo hatukuandika. Ni kweli, hatukuandika. Mmoja wetu alikuwa mgonjwa na mwingine alikwenda mazikoni Pangani. Tumeziwekea karatasi tupu zenye tarehe.

Barua zitaanza tena Jumatano ya kwanza baada ya kufunguliwa madrasa, inshaallah. Anayetaka yake iandikwe kwa herufi za Kiarabu amwambie mwalimu yeyote wa darasa la kwanza kabla ya Jumanne, maana wanakili wetu nao wana masomo yao.

Wabillaahi tawfiiq.